Virukia kwenye miti ya Arusha na Moshi: soma dalili kabla ya kushika msumeno

Mtu akikuambia mparachichi wake umeingiwa na kirukia, yaani mmea unaoota juu ya tawi la mti na kuunyonya, bado hujapata habari ya kutosha kumshauri. Virukia duniani ni zaidi ya aina 1,300. Hapa Arusha na Moshi, kuanzia migunga ya tambarare hadi miringaringa ya kihambani na misitu ya Kilimanjaro na Meru, zipo aina nyingi za koo mbili tofauti. Kila aina inashika mti kwa namna yake, na hiyo namna ya kushika ndiyo inayoamua ukate wapi, ukate lini, au uache kabisa. Mwongozo huu unakwenda dalili kwa dalili, na karibu kila dalili itakurudisha mahali pamoja: kiungo, yaani pale kirukia kilipozama ndani ya tawi. Kama hujakiona kiungo, usikate.

DALILI: Kuna kichaka kigeni juu ya mti, hujui ni nini

Wakati mzuri wa kukagua ni kiangazi. Jakaranda na migunga ikishapukutisha majani, kirukia hubaki kijani peke yake na huonekana hata ukiwa barabarani. Kwenye miti isiyopukutisha, kama mparachichi na mgrivilia, tafuta rundo lenye majani ya rangi na umbo tofauti na ya mti wenyewe, mara nyingi upande wa nje wa mti ambako jua linafika. Kirukia kinahitaji mwanga. Ndani kabisa kwenye giza la majani huwa hakistawi.

Kabla ya kukiita kirukia, ondoa hivi vinavyofanana nacho.

Ukiona nyuzi nyembamba za njano au rangi ya chungwa zimefunika uzio wa mimea au kichaka, zisizo na majani, huo ni mmea wa jenasi Cuscuta. Nao unanyonya, lakini huanzia ardhini, hushika mmea wa jirani, kisha mzizi wake wa chini hufa. Kipande kidogo cha uzi kikibaki kwenye jani kinaendelea kukua, hivyo kukata kwa panga na kutupa hovyo ndiko kunakousambaza. Kata sehemu yote iliyoshikwa, tia kwenye mfuko hapohapo, choma.

Ukiona mizizi inashuka kwenye shina kuelekea ardhini, na ukichuma jani linatoa utomvu mweupe, huo ni mti wa jamii ya mkuyu ulioota juu ya mwenzake. Hauunyonyi mti bali unaukaba, na unaondolewa kwa kukata mizizi yake ikiwa bado myembamba.

Ukiuvuta mmea ukabanduka na gome chini yake likawa zima, huo umepanga tu: okidi, jamii ya madole, au Rhipsalis baccifera, kakati ya porini yenye vijiti vya kijani vinavyoning'inia na vitunda vyeupe vyenye ute. Huyu Rhipsalis huwachanganya hata watu wazoefu kwa sababu ya vile vitunda. Ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya maeneo ya ukungu ni Usnea, ushirika wa kuvu na mwani. Haziudhuru mti, ziache.

Kirukia chenyewe kina shina la mti hasa, limetokeza moja kwa moja kwenye tawi, hakina mzizi unaofika ardhini, na tawi limevimba pale kiungoni. Ukiwa na shaka, kata kitawi kimoja kilichoshikwa, unene wa kidole gumba, ukipasue kwa urefu kupitia kiungo kwa kisu kikali. Utaona nyama ya rangi tofauti imeingia kwenye mbao ya mti, na nyuzi za mbao ya mti zimepinda kuizunguka. Inaingia ndani kwa sababu mti unapoongeza unene kila msimu, mbao mpya hujengeka kukizunguka kile kilichokwisha kupenya. Kiungo kikongwe basi kina kina kirefu kuliko kinavyoonekana kwa nje. Shikilia hilo, litahitajika mbele.

DALILI: Ni kirukia, lakini picha za kwenye simu hazifanani na cha kwako

Picha nyingi utakazokutana nazo ni za Viscum album, kirukia cha Ulaya chenye vitunda vyeupe na matawi yanayogawanyika mawilimawili, kinachoota kwenye mitofaa na mipopla. Huyo hayuko kwetu. Wala usilinganishe na vya Amerika vya jenasi Phoradendron. Linganisha na vya hapa kwa kuangalia ua, kisha gome, kisha mti uliobeba.

Ua kubwa lenye umbo la mrija, jekundu, la chungwa au la njano, ni la ukoo wa Loranthaceae. Wengi wa virukia tunavyoviona mashambani ni wa ukoo huu. Chukua ua ambalo halijafunguka lakini limekomaa, uliguse kwa ncha ya kijiti kwenye vijitundu vyembamba vilivyo ubavuni mwa mrija. Kwenye aina nyingi ua hupasuka ghafla na kurusha chavua. Ndivyo ndege chozi anavyopakwa: anachomeka mdomo kutafuta nekta, ua linamlipukia usoni, anaondoka na chavua kwenda mti mwingine.

Ndani ya ukoo huu, dalili chache zitakufikisha mbali. Machipukizi yenye vumbi la vinyweleo vya rangi ya kutu ni ya Phragmanthera. Mmojawapo, Phragmanthera dschallensis, amebeba jina la Ziwa Chala lililo mashariki ya Moshi, kwa tahajia ya Wajerumani. Maua yenye vinyweleo vingi kwa nje, kwenye miti ya kila namna, yaelekea ni Erianthemum dregei, ambaye hachagui sana mwenyeji. Ukiwa tambarare na mgunga umebeba maua mekundu membamba yaliyopinda, petali zimejikunja, mfikirie Plicosepalus. Majani na machipukizi yasiyo na vinyweleo, na mrija wa ua wenye kichwa kilichotuna kabla haujafunguka, hukupeleka kwa Agelanthus, jenasi yenye aina nyingi zaidi Afrika.

Kama huoni ua la maana, ni vijiua vidogo vya kijani au njano usivyovitambua bila kusogeza macho, basi huyo ni Viscum, wa ule ukoo wa pili. Vitunda vyake hapa Afrika huwa vyeupe, vya njano au vyekundu kutegemea aina. Wengine wana majani mazima, wengine wana vijiti vitupu. Usishangae ukikuta Viscum ameota juu ya kirukia kingine: barani Afrika wako wanaofanya hivyo, mnyonyaji juu ya mnyonyaji.

Utofauti huu ni mpana kuliko tunavyoufikiria tukiwa tumesimama chini ya mparachichi mmoja. Kenya na Ethiopia, kwenye mierezi aina ya Juniperus procera, kuna Arceuthobium juniperi-procerae, kirukia cha sentimita chache tu ambacho hakimtegemei ndege: tunda lake hujaa maji mpaka likafyatua mbegu lenyewe. Australia Magharibi kuna Nuytsia floribunda, mti kamili uliosimama ardhini, unaonyonya mizizi ya majirani chini kwa chini. Kwa hiyo mtu akikupa dawa moja ya “virukia vyote”, mwombe kwanza akutajie anazungumzia kipi.

DALILI: Ulikikata mwaka jana, kimerudi palepale

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na chanzo karibu kila mara ni kimoja: kilikatwa kirukia, kiungo kikaachwa. Mtu anapanda na panga, anafyeka majani, mti unaonekana safi. Kile kishina kilichobaki kina vichipukizi vilivyolala, na sehemu iliyo ndani ya tawi bado ina maji. Mvua zikirudi kinachipua, safari hii kwa machipukizi mengi badala ya moja.

Kwa Viscum tatizo ni kubwa zaidi. Anaweza kupitisha nyuzi chini ya gome na kutokeza mbali na kiungo cha kwanza, kwa hiyo hata ukikichonga kiungo, anakutokea pembeni.

Dawa ni kuondoa tawi, siyo kirukia. Tafuta kiungo kilicho karibu zaidi na shina, pima angalau sentimita 30 kutoka hapo kuelekea shina, kata hapo au kwenye njiapanda ya matawi iliyo karibu. Usiache kisiki kirefu kisicho na jani, kitaoza. Baada ya kukata angalia uso wa mbao: ukiona kabari au madoa ya nyama ya rangi tofauti, bado uko ndani ya kirukia. Rudi nyuma ukate tena mpaka mbao iwe ya rangi moja.

Tawi zito likatwe kwa hatua tatu ili lisichane gome la shina. Kwanza, kata kutoka chini kwenda juu, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka shinani, mpaka theluthi ya unene. Pili, sogea sentimita 5 kuelekea nje, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Tatu, ondoa kisiki kwa kukata nje kidogo ya ule mkunjo uliovimba ambapo tawi linaungana na shina. Mkunjo wenyewe usiuguse, ndio unaofunga kidonda. Tumia msumeno wa kupogolea. Panga hupasua mbao na kuacha kidonda chenye nyufa. Futa msumeno kwa spiriti, au kwa jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kabla ya kuhamia mti mwingine. Kirukia hakiambukizwi na msumeno, lakini magonjwa mengine ya mti huambukizwa.

Kuna virukia vya Loranthaceae vinavyotambaza mizizi juu ya gome na kuzama kila baada ya hatua fulani. Hapo kipimo cha sentimita 30 kinaanzia kwenye kiungo cha mwisho, siyo cha kwanza. Ufuate mzizi kwa kidole mpaka unapoishia.

Mti ulio karibu na nyaya za umeme usiupande. TANESCO waje kwanza.

DALILI: Kirukia kimekaa kwenye shina kuu

Huwezi kukata sentimita 30 za shina. Chagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kukivunja kila mwaka kabla hakijazaa. Hakitakufa, lakini kitabaki kidogo na hakitatoa mbegu. Ya pili inamaliza, ila inataka uvumilivu: kikate usawa wa gome, kisha zungushia nailoni nyeusi nzito, tabaka mbili au zaidi, ipite kiungo vizuri juu na chini, ufunge kwa kamba. Kirukia kinajitengenezea chakula kwa mwanga, na kwenye giza hufa pole pole. Acha mpaka miaka 2. Kila miezi 6 legeza kamba na uifunge upya, maana shina linanenepa na kamba iliyosahaulika italikaba shina kuliko kirukia chenyewe. Nailoni ikipasuka, badilisha siku hiyohiyo.

Kwenye mkahawa kuna njia fupi. Kirukia kikishika tawi la pembeni, liondoe wakati wa kupogoa baada ya mavuno. Kikishika shina lenyewe, kata shina lote sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini na uchague machipukizi mapya, jinsi unavyofanya ukibadilisha mashina yaliyozeeka. Hakikisha kwanza kuwa kiungo kiko juu ya utakapokata.

Usipake mafuta ya taa, dizeli wala chumvi kwenye kiungo, na usipulizie kiuagugu majani ya kirukia kilicho juu ya mti hai. Mafuta yanaua gome, na kiuagugu hakichagui jani la kirukia na jani la mti.

DALILI: Tawi linakauka kuanzia kwenye kirukia kwenda nchani

Kirukia kina majani ya kijani na kinajipikia sukari. Anachopokonywa mti zaidi ni maji na madini. Wakati wa jua kali mti hufunga vitundu vya majani ili kutunza maji, kirukia kinaendelea kuyapoteza. Ili kiendelee kuyavuta kinapaswa kuwa na kiu kuliko mti, na sehemu ya tawi iliyo mbele yake ndiyo inayokosa. Ndiyo sababu unaona majani madogo, matunda machache, kisha kijiti kikavu kuanzia kiungoni kwenda nje, huku nyuma ya kiungo tawi likiwa zima.

Hili ni tatizo la tawi moja na linatibiwa kwa kuondoa tawi hilo. Halina haja ya kumwaga mbolea. Mbolea ukimwaga, kirukia nacho kinakula.

DALILI: Mti mzima unadhoofika, na una virukia

Hapa ndipo watu wanapokilaumu kirukia kwa kosa la mwingine. Mti wenye virukia viwili au vitatu haupaswi kufa. Hesabu kwanza: kama majani ya virukia hayajafika karibu nusu ya majani yote ya mti, tafuta chanzo kingine.

Kwenye mparachichi, chimba taratibu chini ya kivuli cha mti, kina cha sentimita 10 hadi 15, utazame mizizi midogo. Ikiwa myeusi na inavunjika kirahisi badala ya kuwa myeupe, hiyo ni dalili ya kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kimelea cha udongoni, Phytophthora, hasa pale maji yanaposimama. Ukipogoa sana mti wa namna hiyo utauharakisha kufa. Shughulikia mifereji ya maji kwanza.

Kwenye mkahawa, tazama chini ya shina: gome lililochunwa kwa mzunguko na unga wa mbao ni kazi ya funza wa mbawakavu anayetoboa shina. Kwenye mgrivilia, utomvu unaovuja na gome lililopasuka lenye kidonda kilichozama ni ugonjwa wa kuvu.

Kama ni kweli virukia vimejaa, usivitoe vyote siku moja. Mti ukipoteza zaidi ya robo ya majani yake kwa mkupuo, unastuka. Panga kazi kwa misimu miwili au mitatu, ukianza na vile vya juu, kwa sababu mbegu zake ndizo zinazowaangukia wa chini. Shina la mparachichi lililoachwa wazi kwa jua lipake chokaa iliyochanganywa na maji, la sivyo gome litaungua upande wa magharibi.

DALILI: Unasafisha kila mwaka, vinaota vipya

Chanzo ni ndege, na mti ambao hujausafisha. Tunda la kirukia lina mbegu moja iliyofunikwa na ulimbo. Wasambazaji wakubwa ni ndege wadogo wa jamii ya zuwakulu wa jenasi Pogoniulus: humeza tunda, baada ya muda mfupi huitapika mbegu, nayo inamnata mdomoni. Anaifuta kwenye kitawi alichokalia. Imeshapandwa, mahali hasa panapotakiwa, na bila kugusa udongo.

Kagua vitawi vyembamba chini ya kirukia kinachozaa. Utaona mbegu zimeganda kwenye gome, nyingine zimetoa kijidole cha kijani kilichopinda na kuishia kwenye kisahani kidogo kilichobandikwa kwenye gome. Katika hatua hii kucha ya kidole inatosha kuibandua. Tawi likishavimba, kazi imehamia kwenye msumeno. Mbegu nyingine utazikuta zimeota kwenye waya wa uzio au kwenye nguzo kavu. Hizo zitakufa zenyewe kwa sababu hakuna cha kunyonya. Hata kwenye mti hai nyingi hufa, maana kila aina ina miti inayoiweza na miti inayoikataa. Kwa hiyo mbegu nyingi zilizonata siyo sababu ya kutafuta dawa ya kupulizia.

Ukikuta mti mmoja umejaa na wa jirani yake wa aina ileile hauna kitu, kwa kawaida ule wa kwanza una matunda tayari, na ndege hurudi palipo na matunda. Ondoa vilivyozaa kabla ya vile vichanga. Na kama chanzo ni mgrivilia wa jirani uliopo mpakani, kusafisha wako peke yako ni kazi ya kila mwaka. Zungumzeni mkate siku moja. Vilivyokatwa haviwezi kuota vikiwa chini, lakini matunda yake ndege atayafuata hata yakiwa kwenye takataka. Wape mbuzi, wanayala majani yake vizuri, au fukia.

DALILI: Tawi lina uvimbe wa mbao kama ua, kirukia hakipo

Kirukia kimeshakufa. Mbao ya mti iliyokuwa imekizunguka imebaki wazi, imetanuka yenye mikunjo. Erianthemum dregei anajulikana sana kwa kuacha alama hii. Haina madhara na haitachipua. Tawi likiwa hai mbele ya uvimbe, liache.

DALILI: Migunga ya malishoni imejaa virukia

Kama miti haikupi matunda wala kivuli cha mkahawa, na haijaelemewa, viache. Maua yake huwalisha chozi katika miezi ambayo maua mengine ni adimu, majani yake ni malisho ya kiangazi, na viwavi wa vipepeo wa jenasi Mylothris na Iolaus hutegemea virukia kwa chakula. Anayechuma kwa ajili ya dawa ajue jambo moja: kirukia hunyonya na kemikali za mti kilichoota juu yake. Cha juu ya mti wenye sumu kisiingie kwenye sufuria.

Ikiwa bado hujui ni aina gani

Chukua sampuli. Kata kipande cha tawi la mti chenye kiungo, pamoja na kitawi cha kirukia chenye majani, maua na matunda kama yapo. Chukua pia majani ya mti mwenyeji, maana bila hayo mtaalamu anabaki kubahatisha. Tandaza kati ya magazeti, weka ubao na jiwe zito juu, badilisha magazeti kila siku kwa wiki moja. Kiungo kikaushe pembeni kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, kitaota ukungu. Andika tarehe, kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, jina la mti, na rangi ya ua lilipokuwa bichi, kwa sababu likikauka hubadilika. Hifadhi ya taifa ya mimea mikavu iko Ngaramtoni, Arusha, kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa kirukia cha kwenye mkahawa, taasisi ya utafiti wa kahawa ya TaCRI iko Lyamungo, mkoani Kilimanjaro.